Tundu la Bati Lisilo na Mwenyewe

Makadirio ya kufunga sola nyumbani yanafanana sana, yawe yameandikwa Kariakoo au Mombasa. Mstari wa kwanza ni paneli: idadi, wati, jina la kiwanda. Unafuata wa inveta, wa betri, kisha nyaya, breka na mabomba ya kupitishia waya. Chini kabisa, kabla ya gharama ya ufundi, kuna mstari mmoja wa "vifaa vya kufungia". Hauna idadi, hauna aina ya chuma, hauna kipimo. Mteja aliyebishana nusu saa nzima juu ya betri huuruka mstari huo bila swali, na fundi anayetaka kushusha bei bila kugusa paneli hushushia hapo.

Paneli hizo zina dhamana ya kiwanda ya kuendelea kuzalisha umeme kwa miaka 25 au zaidi. Bolti inayozishika, kama ni ile ya kawaida iliyopakwa zinki nyembamba, ikifungwa karibu na bahari huanza kugeuka rangi ya matofali kabla ya miaka 3 kwisha. Muuzaji anadhamini paneli. Fundi umeme anadhamini waya na inveta. Fundi aliyeezeka paa alilipwa chake akaondoka zamani. Tundu lililotobolewa kwenye bati ili kupitisha bolti halimo katika dhamana ya yeyote kati yao, na nimeona mitambo mizuri mingi mno ikiharibikia hapo hapo kiasi cha kutoweza tena kuliita jambo dogo.

Tuanze na upepo, maana hesabu yake ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Watu wengi hudhani kazi ya bolti ni kuzuia paneli isiteleze ikashuka. Paneli ya wati 550 ina uzito wa kilo 28 hivi, na uzito huo paa la kawaida hulibeba bila taabu. Kazi kubwa ni kuizuia isipae. Upepo unapopita juu ya paa lenye mteremko huvuta kuelekea juu, na unaopenya chini ya paneli husukuma kuelekea huko huko. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una mgandamizo wa karibu nyutoni 480 kwa kila mita moja ya mraba, yaani kama kilo 49. Paneli moja ya wati 550 ina eneo la mita za mraba 2.6 hivi. Ikipokea mgandamizo huo wote kutoka chini, itanyanyuliwa kwa nguvu ya karibu kilo 125, wakati uzito wake wenyewe unaoirudisha chini ni kilo 28 tu. Tena nguvu hii haipandi sambamba na mwendo wa upepo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtambo uliovumilia upepo wa kawaida miaka mitano haujathibitisha chochote kuhusu dhoruba ya mwaka wa sita.

Paneli zilizolala sambamba na bati, katikati ya paa, hupata nafuu, kwa sababu hewa hupenya kati yake na mgandamizo wa juu na wa chini ukakaribiana. Zinazopata taabu ni za pembezoni: kwenye ukingo, kwenye pembe, na karibu na kofia ya paa. Huko upepo hujikunja na kuvuta mara mbili na zaidi ya unavyovuta katikati. Kwa hiyo fundi anayebana safu ya mwisho hadi ukingoni ili paneli moja zaidi ipate nafasi, ameiweka paneli hiyo mahali pabaya kuliko pote. Mimi napenda ibaki angalau sentimita 30 kutoka kila ukingo, na zaidi kwenye nyumba zilizo wazi kuelekea baharini. Nafasi kati ya bati na paneli iwe sentimita 10 hadi 15. Ikizidi, upepo unapata mlango. Ikipungua, joto linakosa pa kutokea, na paneli hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25.

Kuna wanaosema pwani yetu haina vimbunga. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kwa wingi. Kingine kiliingia Lindi Aprili 1952. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisogea hadi Mafia kikiwa kimeanza kudhoofika, na watu wa Kusini wanakumbuka upepo na mvua zake. Hayo ni matukio ya nadra, ni kweli, lakini mtambo unaonunuliwa ukae miaka 25 unatakiwa uhesabiwe kwa kitakachotokea ndani ya miaka hiyo yote. Na hata bila kimbunga, kusi la Juni na Julai hutikisa kila kiungo usiku na mchana, na mtikisiko wa muda mrefu hulegeza nati ambayo dhoruba moja isingeiweza.

Sasa fuata nguvu hiyo inavyosafiri. Inatoka kwenye fremu ya paneli kwenda kwenye klampu, kwenye reli ya alumini, kwenye mguu wa reli, kwenye bolti au skrubu inayopita kwenye bati, kwenye papi, kwenye msumari ulioshikilia papi juu ya kenchi, kwenye kenchi, hadi ukutani. Pakilegea popote hapo, kilicho juu yake chote kinaondoka. Kwetu mahali palipo dhaifu zaidi ni pawili: pale skrubu inapokutana na bati, na pale papi inapokutana na kenchi.

Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3. Skrubu za kuezekea zina meno yaliyoachana kwa takriban milimita 2. Maana yake skrubu iliyoingia kwenye bati peke yake haijashikwa hata na jino moja kamili. Imeshikwa na ukingo wa tundu, ambao kila upepo unapovuta na kuachia hupanuka kidogo. Bado nakutana na miguu ya reli iliyofungwa kwenye bati tupu, katikati ya papi mbili, kwa sababu hapo ndipo vipimo vya paneli vilipoangukia. Hili halikubaliki. Mguu wa reli lazima ukae juu ya mbao, na mahali pa mbao panajulikana bila kubahatisha: mstari wa misumari ya bati unauonyesha. Reli ndiyo ifuate mbao.

Piga hesabu ya mguu mmoja. Reli mbili zinabeba safu ya paneli zilizosimama wima, na miguu imeachana kwa mita 1.2. Kila mguu unabeba eneo la mita za mraba 1.4 hivi. Katika upepo ule ule wa kilomita 100, mguu wa katikati ya paa unavutwa kwa zaidi ya kilo 50 baada ya kutoa uzito wa paneli. Wa ukingoni unaweza kuvutwa kwa zaidi ya kilo 100. Bolti ya milimita 10 iliyozama sentimita 4 au 5 kwenye mbao kavu, iliyotangulizwa na tundu la milimita 7, inaubeba mzigo huo kwa nafasi ya kutosha. Skrubu iliyo kwenye bati peke yake haiubebi kwa miaka. Hakuna raba wala silikoni itakayobadilisha jambo hilo.

Lakini mbao ipi? Nyumba nyingi zina papi za inchi mbili kwa mbili, na ukipiga bolti nene humo bila kutanguliza tundu, mbao inapasuka upande wa chini ambako huoni. Papi nyingine zilipigiliwa zikiwa mbichi, zimetoka shambani moja kwa moja. Mbao inapokauka hunywea, na msumari ulioingia ukiwa umebanwa vizuri hubaki umelegea kwenye tundu lake. Papi imekaa tu pale kwa mazoea. Ikibeba bati peke yake huenda ikavumilia, ila ukiongeza paneli 8 juu yake unaweza kukuta dhoruba imechukua paneli, reli, bati na papi kwa pamoja, huku bolti za fundi sola zikiwa bado zimekaza. Fundi sola atasema kazi yake haikushindwa, naye atakuwa anasema kweli.

Dawa yake si ngumu kama dari halijafungwa. Mtu anapanda ndani, anaongeza papi ya inchi mbili kwa tatu au nne ubavuni mwa ile ya zamani chini ya mistari ya reli, na anazungusha ukanda wa chuma kuifunga papi kwenye kenchi. Kama dari limeshafungwa, kuna ukaguzi unaoweza kufanyika kupitia mlango wa darini, na mwenye nyumba adai picha. Kwa anayejenga sasa ushauri wangu ni mmoja: mwambie fundi paa mapema upande gani utakaa sola, ulipie papi nene upande huo peke yake. Ni mbao chache, na hazitapatikana kwa urahisi huo tena baada ya bati kulazwa.

Paa la makuti liachwe. Paneli zake zisimamishwe kwenye nguzo uwanjani. Na paa la zamani la asbesto lisitobolewe kabisa, kwa sababu yoyote, kwani vumbi lake huua kwa saratani miaka mingi baadaye, na aliye hatarini kwanza ni yule anayeshika drili.

Nije kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo pwani inapotofautiana na Dodoma au Nakuru. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hupanga hewa kwa madaraja ya ulaji wa chuma. Daraja la C3, ambalo ni la wastani, hula zinki kati ya mikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka. Daraja la C5, ambalo ndilo la pwani zenye chumvi nyingi, hula mikroni 4.2 hadi 8.4. Juu yake liko CX, la mahali mawimbi yanaporusha chumvi moja kwa moja juu ya paa. Sasa chukua bolti mbili. Ya kwanza imepakwa zinki kwa umeme: inang'aa kama kioo, pengine ina rangi ya manjano ya upinde wa mvua, na zinki yake huwa mikroni 5 hadi 12 tu. Ya pili imechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa: ina rangi ya kijivu iliyofifia, ngozi yake ina mikwaruzo na vijivimbe, na zinki yake ni mikroni 45 au zaidi. Ukigawanya, ya kwanza inamaliza kinga yake kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu pale Kigamboni au Nyali. Ya pili inafika miaka 5 hadi 10 na ushee. Inayong'aa ndiyo wateja huichagua wakiachiwa wachague kwa macho.

Kinachofaa kweli kwa pwani ni stenlesi, na stenlesi nayo si moja. Geuza bolti utazame kichwa chake. Bolti ya kiwanda kinachojiheshimu imepigwa muhuri: A2-70, au A4-70, au A4-80, pamoja na alama ya aliyeitengeneza. A2 ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hadi 10. A4 imeongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hicho kiasi kidogo ndicho kinachoipa uwezo wa kuvumilia chumvi. Bara, A2 inatosha kabisa. Unguja, Pemba, Mafia, Lamu, na nyumba za mstari wa kwanza kutoka ufukweni, dai A4. Bolti isiyo na muhuri wowote ichukuliwe kuwa chuma cha kawaida hadi ithibitike vinginevyo. Sumaku husaidia: ikinata kwa nguvu kwenye bolti inayouzwa kama A2, achana nayo. Ikinata kidogo tu, haimaanishi umeibiwa, kwani stenlesi iliyokunjwa au kufinyangwa ikiwa baridi hupata usumaku kidogo.

Stenlesi ina tabia yake moja ambayo mafundi huijua kwa machungu. Nati na bolti za stenlesi zikikazwa haraka kwa drili ya umeme hushikana, meno yakayeyukiana, na hapo haziendi mbele wala hazirudi nyuma. Dawa ni kuzikata. Tone la grisi ya kuzuia kushikana kwenye meno, na mkono badala ya drili kwa mizunguko ya mwisho, huondoa tatizo lote hilo. Kopo moja dogo la grisi hiyo linatosha nyumba nyingi.

Halafu kuna vyuma visivyopatana. Alumini ya reli na fremu ikigusana na shaba mahali penye unyevu huliwa haraka. Ndiyo maana waya wa shaba wa ethi haufungwi moja kwa moja kwenye fremu ya paneli. Unapita kwenye kishikio cha stenlesi au cha shaba iliyopakwa bati. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba shaba imo pia ndani ya mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, ambazo tumezipenda kwa sababu mchwa haziwezi. Dawa ya mbao hizo mara nyingi ina shaba, na mbao ikilowa shaba hiyo hula zinki ya skrubu na alumini ya mguu. Kwenye mbao ya dawa tumia stenlesi, au angalau bolti iliyochovywa kwenye zinki, na weka raba kati ya mguu wa alumini na mbao kama vinagusana. Bolti ya stenlesi kwenye reli ya alumini, ambayo wengine huiogopa, haina shida kubwa, kwa sababu bolti ni ndogo na alumini iliyoizunguka ni nyingi. Kinyume chake, skrubu ndogo ya zinki kwenye kipande kikubwa cha stenlesi ndiyo ya kuogopwa.

Kuhusu mvua nitazungumza kwa ukali kidogo, kwa kuwa kuvuja ndiko kunakowafanya watu waichukie sola. Tundu litobolewe kwenye mgongo wa bati, kamwe lisiwe kwenye bonde ambako maji hupita. Raba ya chini ya washa iwe ya EPDM, ile nyeusi nyororo isiyopasuka kwa jua. Raba za bei ya chini hukakamaa na kuchanika ndani ya miaka michache, na huwezi kuzitofautisha siku ya kununua isipokuwa kwa kuzikunja na kuzinyonga kwa vidole. Skrubu ikazwe mpaka raba ichungulie kidogo kwenye ukingo wa washa, basi. Ikiwa imetokeza kwa mduara mpana na kujikunja, imekazwa kupita kiasi na itavuja. Ikiwa washa inazunguka ukiishika, nayo itavuja.

Silikoni ndiyo kosa linalojificha. Fungua chupa unuse. Ikinuka siki, ni ile inayotoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki ya bati pale pale ulipoipaka kuziba maji. Mwaka wa kwanza hakuna tatizo. Baadaye silikoni inabanduka ikiwa na ganda la kutu chini yake, na tundu limekuwa kubwa kuliko bolti. Ipo silikoni isiyonuka siki, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa metali, na tofauti ya bei si ya kumfanya mtu asite. Hata hiyo, ni msaidizi wa raba. Kazi ambayo imezibwa kwa silikoni peke yake haijazibwa.

Vilevile chenga za chuma zinazotoka kwenye drili zifagiliwe kabla fundi hajashuka. Zikibaki juu ya bati la rangi huota kutu kwa mvua ya kwanza na kuacha madoa yasiyofutika. Na reli zikatwe chini, kwa sababu cheche za grainda huchoma rangi na zinki ya bati kwa vijidoa elfu usivyoviona siku hiyo.

Klampu zina mambo mawili. La kwanza ni kimo. Fremu za paneli huja kwa unene wa milimita 30, 35 au 40, na klampu ya mwisho wa safu inatakiwa ilingane nao. Klampu ya 35 kwenye fremu ya 30 hukaa imeinama. Inaonekana imebana, lakini inashika kwa ncha tu. Fundi aliyebakiwa na klampu za kazi iliyopita atashawishika kuzitumia, na mteja apime mwenyewe kwa rula. La pili ni mahali. Kiwanda huchora kwenye karatasi yake sehemu ya fremu inayoruhusiwa kubanwa, kwa kawaida kati ya robo na moja ya tano ya urefu kutoka kila mwisho. Paneli hupimwa maabara kwa mgandamizo wa paskali 5,400 kutoka mbele na 2,400 kutoka nyuma, lakini namba hizo ni za klampu zilizokaa mahali pake. Ukibana kwenye pembe au kwenye upande mfupi bila ruhusa ya karatasi, umeshusha namba hizo, na kwa viwanda vingine umeipoteza dhamana.

Baada ya vimbunga Irma na Maria kupiga visiwa vya Karibi mwaka 2017, taasisi ya Marekani ya Rocky Mountain Institute ilichunguza mitambo ya sola iliyosalia na iliyosambaratika, ikachapisha matokeo mwaka 2018. Mitambo iliyochunguzwa ilikuwa hasa ya kusimikwa ardhini, ila somo lake ni letu pia. Klampu za katikati, zinazoshika paneli mbili kwa bolti moja, zilikuwa miongoni mwa vilivyofeli: moja ikiachia, paneli mbili zinabaki huru, hizo zinatikisika na kulegeza ya jirani, na safu nzima inafuata. Bolti zisizo na kitu cha kuzizuia kulegea kwa mtikisiko zilitajwa pia. Wachunguzi hao walitaka fremu ifungwe kwa bolti inayopita kwenye matundu yake yenyewe ya nyuma. Kwa nyumba za kawaida za Morogoro sioni haja ya kwenda mbali hivyo. Kwa zahanati au hoteli ya ufukweni inayotegemea sola usiku kucha, ningeitaka angalau kwenye paneli za pembeni.

Joto nalo hufanya kazi yake kimya kimya. Alumini hurefuka. Reli ya mita 12 iliyoungwa moja kwa moja, ikitoka nyuzi 22 za alfajiri hadi 65 za saa nane mchana juu ya bati, hurefuka kwa karibu milimita 12, huku bati la chini yake likirefuka nusu ya hapo. Tofauti hiyo huvuta miguu huku na huko kila siku ya Mungu, na matundu hupanuka. Reli ndefu ziachwe na pengo kila baada ya mita kadhaa kama kiwanda kinavyoagiza, na paneli moja isivuke pengo hilo.

Wizi umetuletea tatizo jingine. Ili paneli zisichukuliwe, watu huchomelea nondo juu yake kama dirisha. Naelewa hofu hiyo, lakini kivuli cha nondo moja juu ya seli chache hupunguza umeme wa paneli nzima, na seli iliyo kivulini inaweza kupata joto la kuiunguza. Zipo nati ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa, zikabaki duara laini lisiloshikwa na spana. Weka mbili kwa kila paneli, na mwizi atahitaji muda na kelele ambavyo hana. Ufunguaji wake siku ya matengenezo ni wa kazi kidogo, na hilo fundi aambiwe mapema.

Sheria zetu zimeshika upande wa umeme vizuri zaidi kuliko upande wa paa. Kenya ina kanuni za mifumo ya sola tangu 2012, zenye leseni za madaraja T1, T2 na T3. Nchini Tanzania mafundi umeme hupewa leseni na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA. Hayo ni mema, na yameokoa nyumba na moto. Lakini wakati mkaguzi anapima waya wa ethi, mimi nataka awepo pia mtu anayesaini kwamba kila mguu umekaa juu ya mbao. Mpaka hapo atakapopatikana, mkataba wa mwenye nyumba ndio ufanye kazi hiyo. Uandikwe ndani yake aina ya bolti na muhuri wake, idadi ya miguu, umbali kati yake, aina ya raba, na dhamana ya kutovuja ya angalau misimu miwili ya masika inayotolewa na huyo huyo aliyefunga paneli. Ziambatanishwe picha za kila mguu kabla paneli hazijalazwa juu yake, kwa sababu baada ya hapo hautaonekana tena mpaka siku ya tatizo. Fundi mzuri hatakataa, maana karatasi hiyo inamlinda yeye pia dhidi ya paa lililokuwa bovu kabla hajafika.

Nati za klampu zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti nyingi za milimita 8 hutakiwa kati ya nyutoni-mita 10 na 20, na namba kamili imo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kila nati iliyokazwa ichorwe mstari mmoja wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye klampu. Mwakani anayekagua hahitaji kugusa kitu: mstari uliokatika unamwonyesha nati iliyozunguka, hata akitazama kwa darubini akiwa chini.

Aliye na mtambo wa zamani wenye bolti zilizoshika kutu asizifungue zote kwa pamoja. Ibadilishwe moja, ikazwe, ndipo ifuatayo, kuanzia pembe za safu kuelekea katikati, breka ya sola ikiwa imezimwa na kukumbukwa kwamba paneli zenyewe haziwezi kuzimwa jua likiwa linawaka. Bolti ya bati ikigoma kutoka, isinyongwe kwa nguvu ikapasua papi. Ikatwe kichwa, mguu usogezwe sentimita chache kwenye mbao ile ile, na tundu la zamani lifunikwe kwa kiraka cha bati chenye raba chini yake. Anayepanda afungwe kamba kwenye kenchi na akanyage kwenye mistari ya misumari. Kazi hii ifanyike Februari, bati likiwa kavu, ili masika ya Machi yakikuta palipovuja fundi awe bado anadaiwa.